Bakiano wa Uwanda wa Chumvi

Lori la Kobe lilikuwa limeshatoka getini, moshi wake bado umening'inia juu ya ukuta, na mimi nipo chini ya benchi la gereji natafuta kiatu cha kushoto. Ukifika miaka sabini na moja, kiatu kinakuwa na akili kuliko mwenyewe.

Fundi Mrefu alipiga honi ya boza la maji mara mbili. "Mzee Kiguu! Bibi harusi gani huyu asiyemaliza kujipamba?"

"Nakuja! Wewe endelea kuunguza mafuta ya watu!"

Kiguu ni kifupi cha Kiguu-na-Njia. Jina nimepewa na watu, sikulalamika, kwa sababu ni kweli. Nimekata miwa, nimeosha masufuria melini, nimelinda mageti ya watu ambao sikuwahi kuwaona sura. Nikivaa kiatu, mguu unawasha mpaka uone kona ya pili.

Nilipopanda, pikapu ya Injinia nayo ilikuwa inatoka. Injinia alikuwa mama mmoja mpole mwenye miwani, na mapajani amekilaza kidude chake cha setilaiti kama mtu aliyebeba kuku mgonjwa. Pembeni yake aliketi mwanangu, mtoto wangu wa pekee, ameegemeza nondo ya futi sita dirishani. Nilimpungia mkono. Aliinua kidole kimoja tu. Hakuwa amenuna, alikuwa anahesabu kitu kichwani.

Tulikuwa magari matatu, na nje ya geti tulijipanga hivi. Mbele boza, analiendesha Fundi Mrefu, nami kando yake kwenye kiti cha kuonyesha njia. Katikati Kobe na lori la mtambo wa kuchimbia visima, tani thelathini. Nyuma Injinia. Tulikuwa tunaupeleka mtambo Ng'ambo, makazi yaliyo upande wa pili wa uwanda wa chumvi, ambako watu walikuwa wamekunywa maji ya kuletwa kwa miaka miwili. Mvua zilibakiza siku kumi hivi. Zikishuka, uwanda haupitiki miezi mitano.

Lakini kulikuwa na jambo jingine ndani ya safari hiyo, nalo lilikuwa la mwanangu. Wiki moja kabla, alikwenda ofisini kwa Injinia akaomba kazi ya kuongoza msafara. Aliitaka kazi yenyewe, safari zote, mpaka visima vyote sita viishe. Injinia akamjibu: "Mimi sina kipingamizi. Ila gari haliongozwi na barua ya ajira. Madereva wakikufuata mpaka ng'ambo, kazi ni yako. Wasipokufuata, namchukua baba yako."

Alinieleza jioni hiyo hiyo huku anamenya viazi. Nikasema, "Basi twende wote, utanisaidia." Kisu kikasimama. "Nitakuja, Baba," akasema, "lakini sitakuja kukubebea chupa ya maji."

Hapa inabidi nieleze neno, maana bila hilo neno hutaelewa tulikuwa tunagombea nini.

Fundi Mrefu si wa huku. Alikuja kutoka nchi ya mbali wanakosema Kihispania, atengeneze mitambo kwa miaka miwili, akakaa ishirini na sita. Katika mwezi wake wa kwanza nilimvusha uwandani siku ya upepo, vumbi jeupe limetanda hata mkono wako huuoni. Tulipofika ng'ambo alishuka, akanishika mabega yote mawili, akaniambia: baquiano. Nikadhani ananitukana, nikamrudishia la bandarini, la moto kabisa. Tulielewana baadaye. Sisi tukalitia ulimi wetu, likawa bakiano, na gereji nzima ikaniita hivyo.

Kwao, alinifundisha, kuna neno jingine kwa mtu anayewatembeza wageni na kuwaonyesha majengo. Kuna jingine kwa mchora ramani. Bakiano si hao. Bakiano ni mtu anayeijua nchi fulani kwa nyayo zake, ikiwa imelowa na ikiwa kavu, akakuvusha salama. Na husemi bakiano ukanyamaza, lazima useme wa wapi: wa mlima ule, wa mbuga ile. Ukimhamisha mtu, neno halihami naye. Hapo ndipo liliponichoma na kunifurahisha kwa pamoja. Nimeishi nchi kumi na moja. Katika kumi nilikuwa "wewe hapo". Katika hii moja, penye uwanda huu, nilikuwa na cheo.

Neno lilikotoka, wenyewe hawakubaliani. Fundi Mrefu alisoma mahali kwamba wapo wasomi wanaosema Wahispania walilipata kwa Waarabu, kutoka neno la kitu kilichosalia, wakawaita hivyo watu waliobaki katika nchi ngeni wenzao walipoondoka, mpaka wakaizoea. Wapo wanaobisha. Mimi darasa la nne nimelisoma mara mbili, katika nchi mbili, na la tano sikuliona mlango, kwa hiyo siamui ugomvi wa wasomi. Ila nilipolisikia hilo la kubaki nilikohoa kidogo. Kubaki hakujawahi kuwa fani yangu.

Na lina adabu zake. Fundi Mrefu alisema kijijini kwao mtu hajiiti bakiano hata siku moja. Kizuri chajiuza. Ndugu zako pia hawakuiti, kwa sababu neno la mzazi ni upendo, si ushahidi. Anayekuita ni yule aliyekuwa nyuma yako, aliyekuwa na kitu cha kupoteza kama ungekosea, na hakukipoteza.

Watu walilichezea, bila shaka. Vijana wakawa wanamwita bakiano kila mwenye ramani kwenye simu. Fundi redio wa mtaani kwetu akampa mbuzi wake jina hilo, kwa kuwa anajua njia ya jikoni hata mlango ukifungwa. Fundi Mrefu alinuna siku tatu. Siku ya nne akaenda kumwangalia mbuzi mwenyewe, akarudi akakiri kwamba anastahili.

Sasa, mimi niliondoka. Miaka tisa. Sikufukuzwa, sikukosana na mtu, mguu uliwasha tu. Mke wangu alikuwa ameshafariki, na mwanangu nilimwacha kwa dada yangu, aliyekuwa akikusanya chumvi uwandani na kuisomba kwa punda. Shangazi yake akamfundisha kazi. Nilirudi miezi mitatu kabla ya safari hii na begi moja na goti baya, nikakuta dada yangu amezikwa na mwanangu ni mwanamke wa miaka thelathini anayeitwa Mama Chumvi, punda watatu, nyayo ngumu kama soli. Gereji walinipokea kwa vifijo. Bakiano amerudi! Nikaketi kwenye kiti changu kile kile, nikaagiza chai.

Tulifika ukingoni mwa uwanda saa mbili asubuhi. Kilomita kumi na nne za weupe, tambarare kama shuka lililopigwa pasi. Juu ni ganda la chumvi. Chini yake ni tope jeusi ambalo halijawahi kukauka tangu dunia iumbwe. Alama za magurudumu zilianzia miguuni mwetu zikanyooka kwenda mbali, na kidude cha Injinia kilionyesha mstari huo huo kwa rangi ya bluu. Ilikuwa njia yangu. Niliitafuta mwenyewe, nilipokuwa na magoti mawili.

Mwanangu alivua viatu, akachukua nondo, akatembea hatua kama mia. Akawa anagonga, anasikiliza, anagonga, anabadilisha mguu. Akarudi.

"Baba," alisema taratibu, ili wengine wasisikie, "njia yako imekufa."

"Njia haifi."

"Hii imekufa. Ganda ni jembamba, linalia kama debe."

"Nimepita hapa zaidi ya mara arobaini!"

Kwa kuwa nilipaza sauti, wote wakasogea. Naye akaona hakuna haja tena ya kunong'ona.

"Baba, wewe ulikuwa unaihamisha. Kila mwaka hatua hamsini huku, hatua hamsini kule. Shangazi alinionyesha. Ulipoondoka, hakuna aliyethubutu kuihamisha. Walisema ni njia ya bakiano, nani wewe uiguse? Miaka tisa wamepita juu ya mstari mmoja. Gurudumu linalivunja ganda, linajiunga juu juu, chini halijiungi. Mmeiheshimu njia mpaka imeoza."

Kobe alicheka. Kobe anaitwa hivyo kwa mwendo wake na kwa kuongea kwake, lakini katika miaka kumi na minane hakuwahi kulikwaruza lori. "Dada," alisema, "mimi nyuma yangu nina tani thelathini. Wewe unabeba chumvi kwa punda. Punda akizama, anavutwa mkia."

"Punda wangu hajawahi kuzama, kaka. Ndiyo maana mkia wake bado mzuri."

Hata Injinia alicheka. Kobe hakucheka mara ya pili. "Mimi namfuata Mzee," akasema, akarudi kwenye usukani.

Mwanangu alinitazama. Ningeweza kusema neno moja wakati ule. Nilijua analo la kupoteza; nilijua Injinia anasikiliza. Lakini mtu akiitwa bakiano miaka ishirini na sita, sikio lake linakuwa limejaa. Nikapanda boza. "Twende," nikamwambia Fundi Mrefu.

Hatukufika mita mia mbili. Hakukuwa na kishindo. Nilisikia kitu kama biskuti inayovunjika mfukoni, kisha pua ya boza ikainama taratibu, kwa heshima, kama inatusalimia. Tope likapanda mpaka kwenye taa. Fundi Mrefu alizima injini. 

"Miaka ishirini na sita," alisema. "Hii ya kwanza."

"Sema unalotaka kusema."

"Nimeshalisema. Shuka polepole, upande wangu. Huo wako umeshakwenda."

Tulirudi kwa miguu juu ya alama zetu wenyewe, mimi na kiatu kimoja. Cha kushoto kilibaki kwenye tope. Nadhani asubuhi kilikuwa kinajaribu kuniambia kitu.

Kobe alikuwa ameshuka. Alilitazama boza kwa muda mrefu, akalitazama lori lake, akamtazama mwanangu aliyekuwa ameketi kwenye bampa la pikapu, nondo magotini. Hakuwa na uso wa "nilisema". Hilo nililiona, na lilinitia adabu kuliko tope.

"Mama Chumvi," Kobe aliita. "Punda wako yuko wapi leo?"

"Nyumbani. Amelala, hana wasiwasi."

"Na lori langu likizama?"

"Nitakuwa hatua ishirini mbele yake. Kabla ya gurudumu lako, pana miguu yangu."

Kobe akasugua kidevu. "Nipe masharti."

Mwanangu akampa. Milango yote miwili wazi, mikanda isifungwe. Gia ya chini, mwendo wa mtu anayetembea. Atazame mkono wake tu, asitazame chini wala mbele. "Na usisimame mpaka niinue mkono. Ukisimama pasipo mimi kukuambia, umejizika mwenyewe." Injinia afuate pembeni ya alama za Kobe, asizikanyage. Na mtu yeyote asimpigie kelele.

Hilo la mwisho alilisema bila kunitazama.

Fundi Mrefu alibaki kulilinda boza. Mimi nilipanda kwa Kobe, nikakaa kiti cha mbele kwa mazoea tu, sikuwa na cha kuonyesha. Tukaingia uwandani mkono wa kulia kabisa, mahali ambapo mimi nisingepitisha hata baiskeli.

Sijui niueleze vipi mwendo ule. Mwanangu alitembea miguu mitupu, kisigino kwanza, kisha upande wa nje wa unyayo, kisha vidole, kama mtu anayepita chumba cha mtoto aliyelala. Nondo ilishuka kila hatua ya tatu. Ganda gumu lilitoa sauti fupi, tk. Likiwa jembamba, sauti inabaki kidogo. Mara alipinda kushoto, mara alirudi nusu, na mara moja alijilaza kabisa, shavu kwenye chumvi, huku tani thelathini zinakuja nyuma yake kwa mwendo wa kobe. Nilishikilia ukingo wa kiti kwa mikono miwili. Kobe hakupunguza wala hakuongeza. Mwanangu aliinuka, akafuta shavu, akaendelea.

Saa sita na kitu tukafika mahali uwanda unapogawanyika. Kulia palikuwa peupe, pakavu, panang'aa kama sahani. Kushoto palikuwa pa kijivu, pana mabaka kama maji. Katika miaka yangu yote, nilifundishwa na nikafundisha watu: fuata weupe. Mwanangu alisimama akawaza kwa pumzi mbili tatu. Kisha akageuka kushoto, kwenye kijivu.

Kobe aliendelea kuutazama mkono wake, lakini aliniuliza kwa pembe ya mdomo. "Mzee. Weupe ule si ndio mgumu?"

Kila kitu ndani yangu kilitaka kusema ndiyo. Kilikuwa kwenye ulimi tayari. Neno moja tu, na Kobe angepinda kulia, kwa sababu asubuhi ile ile alikuwa amesema ananifuata mimi. Niliutazama mgongo wa mwanangu, shati limeganda chumvi, nikakumbuka ni misimu mingapi ya mvua ilipita hapa mimi nikiwa naosha masufuria baharini.

"Usiniulize mimi," nikasema. "Mimi sikuwepo. Yeye alikuwepo."

Kobe alivuta pumzi, akapinda kushoto.

Kijivu kile kilitubeba kama sakafu ya saruji. Baadaye aliniambia: weupe unaong'aa ni ganda la mvua za msimu uliopita, jipya, chini yake pana uwazi. Kijivu ni ganda la kale lililochanganyika na mchanga, tabaka juu ya tabaka. Zamani zangu ilikuwa kinyume, mito ilipokuwa ikishukia upande mwingine. Uwanda uligeuka mimi nikiwa sipo, haukuniandikia barua.

Saa tisa magurudumu ya mbele yaligusa changarawe. Kobe hakusimama. Alisubiri mpaka mwanangu alipoinua mkono, ndipo akakanyaga breki, akazima injini, akaweka paji la uso juu ya usukani. Nilidhani anasali. Alikuwa anacheka.

Watu wa Ng'ambo walitoka majumbani, wakauzunguka mtambo, wengine wanaugusa gusa kama ng'ombe wa kununua. Fundi bomba wao, mzee mwenzangu aliyenijua tangu zamani, alinikumbatia. "Bakiano! Umetuletea!"

Nikafungua mdomo. Sikuwa na haki ya kusema, mimi ni baba. Kwa adabu ya neno lile, ushahidi wangu hauna mhuri. Nikaufunga.

Kobe alishuka ngazi moja moja kama kawaida yake. Akafuta mikono kwenye suruali.

"Huyo ni Mzee Kiguu," alimwambia fundi bomba. "Bakiano ndiye yule pale, anaosha miguu."

Wote wakageuka. Mwanangu alikuwa ameketi juu ya jiwe, ndoo mbele yake, anakwangua chumvi kwenye nyufa za kisigino. Alisikia. Niliona mkono wake ukisita kidogo majini. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Bakiano anaomba sabuni."

Watu wakacheka, sabuni zikaja tatu. Injinia alitoa daftari lake, akaandika kitu, akalirudisha mfukoni. Na mimi nilisimama pale na kiatu kimoja. Nimeitwa majina mengi, mazuri machache, na hilo moja nililibeba miaka ishirini na sita kama kofia ya sherehe. Siku hiyo nililivuliwa mbele ya watu. Sijawahi kusimama wima namna ile.

Yaliyofuata ni haya. Boza lilitolewa siku ya tatu kwa mbao na winchi, taa zake hazikuwaka tena. Maji yalipatikana Ng'ambo kwenye mita tisini na nne, yana chumvi kidogo, yanafaa. Visima vyote sita vilichimbwa. Mwanangu aliongoza misafara kwa miaka saba mpaka barabara ya kuzunguka uwanda ilipojengwa; aliihamisha njia kila mwezi na akakataa iitwe kwa jina lake. Sasa ana punda watano. Injinia alihamishiwa makao makuu. Kobe amestaafu, hajakwaruza gari. Fundi Mrefu alirudi kwao kuwatunza dada zake, na aliandika kwamba huko hakuna anayemwita chochote. Mbuzi wa fundi redio alikufa kwa uzee. Mimi nimeondoka mara mbili tangu hapo na kurudi mara mbili. Goti halikupona. Kiatu cha kushoto hakikupatikana.